Wasomaji wa Kiganja Kitupu

Lukasi alikuwa mwana wa Maneno, na Maneno mwana wa Jumbe, na Jumbe mwana wa Pazi aliyechimba kisima cha Mtitini, kisima ambacho hakikupata kukauka hata mwaka wa njaa. Pazi hakuacha mali, aliacha maji. Jumbe aliamua mashauri ya watu, na aliyeshindwa alikwenda kwake akimshukuru sawa na aliyeshinda. Maneno alikuwa mtu wa ahadi: akisema atafika siku fulani, wenyeji wake walibandika sufuria jikoni bila kungoja wamwone njiani. Lukasi mwenyewe alisomeshwa na wamisionari, akafundishwa useremala, na kwa muda wote aliokaa Kisarawe hapakuwa na mlango wake hata mmoja uliolia bawabani.

Jumamosi moja asubuhi, mwaka ule alipotawazwa Malkia wa Uingereza, alikuwa kwenye baraza ya karakana yake akipiga randa ubao wa mwembe. Basi kutoka Dar es Salaam lilipanda mlima likikohoa, likasimama, akashuka mwanamume mwenye suti nyeupe iliyokuwa tayari imeshika vumbi jekundu magotini.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu ukae. Kigoda hicho gundi yake haijakauka, kaa hiki."

"Mimi ndiye Zahoro, mhariri wa *Kiganja Kitupu*."

Lukasi aliweka randa chini, akanawa mikono, ndipo akampa mkono. *Kiganja Kitupu* lilikuwa gazeti la mazingaombwe ya jukwaani, lililopigwa chapa Dar es Salaam na kufika Kisarawe kila mwezi. Nakala ilikuwa moja tu, na wasomaji walikusanyika karakanani kuisikiliza ikisomwa kwa sauti na kumtazama Lukasi akiijaribu michezo yake. Lilifundisha namna ya kupoteza sarafu, yai, leso na kofia, na namna ya kuvirudisha. Michoro yake ilikuwa safi. Mikono iliyochorwa humo ilikuwa na kucha zilizokatwa vizuri, jambo ambalo Lukasi alilisifu.

Bwana Zahoro alieleza safari yake. Wanunuzi walikuwa wakipungua, naye aliamua kuzunguka mwenyewe awaulize wasomaji wanataka nini hasa. Isitoshe, Kisarawe walikuwa wamemletea lalamiko ambalo hajapata kulisikia kwingine: kwamba vitu vinapotea kama gazeti lilivyoagiza, lakini havirudi.

"Basi tuwaite wenyewe," Lukasi alisema.

Wakaitwa. Alikuja Mfaume, mkulima wa upande wa Mlandizi aliyekuwa akileta machungwa sokoni. Alikuja Saburi, mlinzi wa msitu wa serikali, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wa Wazaramo wote, mwenye ruhusa ya kuwatukana na kutukanwa bila kinyongo. Yosefina, mke wa Lukasi, alitoka ndani akiwa na ungo wa mchele. Nyuma yake alikuja Bibi Sikuzani, mama yake Lukasi, akakaa mkekani.

"Mimi nataka michezo isiyohitaji vyombo," alisema Mfaume. "Kila mwezi mara kikombe cha fedha, mara meza ya miguu mitatu. Tutavitoa wapi sisi?"

"Nami nina swali," alisema Yosefina. "Katika picha zenu zote mwanamke ndiye anayetiwa sandukuni akakatwa vipande viwili. Mwanamume atakatwa lini?"

"Akikatwa Mzaramo," Saburi alidakia, "hamtaona tofauti, kila kipande kitaendelea kudai pilau."

"Na kipande cha Mnyamwezi kitaendelea kubeba mzigo wa mtu," alijibu Mfaume, na wote wakacheka, Saburi kuliko wote.

Bwana Zahoro alicheka kwa adabu ya mgeni, kisha akauliza habari ya vitu visivyorudi. Mfaume alieleza. Miezi michache nyuma Lukasi aliazima kofia ya Mfaume mbele ya watu, ikapotea. Baadaye Mfaume aliikuta katika duka alikoinunua, Mlandizi, imepangwa rafuni. Kabla hajasema neno, mtu mwingine akainunua. Sasa alikuwa akikutana nayo mara kwa mara huko Kwa Mathias, Kibaha, ikiwa juu ya kichwa cha mtu huyo, nao walisalimiana vizuri tu.

"Na yai?"

"Yai lilirudi kwa kuku," alisema Yosefina. "Alikuwa amelitaga siku iliyotangulia. Ilibidi alitage tena, na hakupendezwa."

Bwana Zahoro alikuwa mtu wa fani. Hakubisha wala hakushangaa, bali alitoa leso ya hariri mfukoni, yenye pindo la uzi wa buluu, akamkabidhi Lukasi afanye mbele yake. Lukasi alisimama wima. Aliipokea leso kwa mkono wa kulia, akauliza kwa sauti ya kanisani:

"Leso hii, bwana, imetoka wapi?"

"Bombay," alisema Bwana Zahoro.

Lukasi alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuongeza neno. Kisha mkono wake ukawa mtupu.

Bwana Zahoro alimtazama mikono, mikunjo ya shati, na sakafu ya baraza. "Gazeti linasema: sema maneno yoyote, ili watazamaji wakutazame uso huku mkono wa kushoto ukifanya kazi. Wewe umeuliza swali. Kwa nini?"

"Sikuweza kusema maneno yoyote," Lukasi alijibu. "Kwetu kitu cha mtu hakipokewi kwa maneno yoyote. Huulizwa kilikotoka, na aulizaye hungoja ajibiwe."

"Na mkono wa kushoto?"

"Mkono wa kushoto niliuweka nyuma. Sikulelewa kupokea kitu cha mtu kwa mkono wa kushoto."

"Kwa hiyo mchezo wenyewe hukuufanya."

"Nilifanya kila kilicho cha adabu. Kilichobaki nilikiruka."

Bwana Zahoro alirejea mjini kwa basi la mchana. Juma lililofuata alikuja tena, safari hii bila suti, akaeleza kwamba leso aliiona Kariakoo, imeanikwa uani kwa Biasha, mke aliyempa talaka bila kumweleza sababu. Biasha ndiye aliyeipinda kwa uzi wa buluu. Kitambaa tu ndicho kilichotoka Bombay.

"Niliposema Bombay nilidhani nasema kweli," alisema.

"Kitu husikia swali," Lukasi alimwambia. "Jibu tunalisikia sisi."

Mhariri aliandika sentensi hiyo, kisha akaifuta, kwa kuwa haikuwa na mchoro wa kuambatana nayo.

Habari zilifika kwa ofisa wa Kizungu aliyesimamia misitu, ambaye watu walimwita Bwana Misitu, naye alipenda michezo. Akaomba onyesho lifanyike alasiri mbele ya ofisi yake, na watu wote wahudhurie. Watu walikuja. Bwana Misitu alitolewa kiti chake nje, kiti cha mninga mwekundu chenye mikono iliyochongwa, akakikalia. Lukasi alipoteza kijiko cha mpishi na kitana cha karani. Kisha Bwana Misitu akasimama, akakipigapiga kiti mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

"Fundi, huwezi hiki."

Lukasi alikijongelea. Aliutambua ule mti kabla hajaugusa, kama mtu atambuavyo mwendo wa ndugu yake barabarani, lakini haikuwa kazi yake kujijibu. Akaweka mkono wa kushoto nyuma.

"Kiti hiki, Bwana, kimetoka wapi?"

"Uingereza. Kilikuja kwa meli."

Lukasi alingoja. Watu nao wakangoja. Mbele ya Bwana Misitu ikabaki alama ya miguu minne kwenye mchanga.

Hapana budi kueleza habari ya Mtitini. Ilikuwa kijiji chini ya vilima, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kisarawe, chenye kisima cha Pazi na makaburi ya watu walioheshimika. Vita vya Ulaya vilipomalizika, serikali ilisimika mawe ya mpaka, ikawaambia wenyeji kwamba miti imechoka, inahitaji kupumzika mbali na watu. Waliohamishwa walipewa siku za kuvuna mihogo yao. Maneno alikuwa amezikwa huko karibu na kisima, na tangu hapo hapana aliyeruhusiwa kupita mawe yale, hata kwa kufagia kaburi, isipokuwa mlinzi.

Mlinzi alikuwa Saburi. Bwana Misitu alimtuma akitafute kiti msituni, kwa kuwa kila mahali pengine palikuwa pameangaliwa. Saburi alirudi kesho yake alasiri, akatoa taarifa uwanjani mbele ya watu, maana mtani hajui kunong'ona.

"Kiti nimekiona, Bwana. Kiko Mtitini, kimesimama juu ya kisiki cha mninga, kimekaa sawasawa kama kofia kichwani. Pembeni yake kuna visiki vingine, vingi, vimekatwa kwa msumeno mkubwa. Utomvu wake bado mwekundu."

Watu wa Mtitini walikuwa wamekatazwa kukata hata ufito.

Bwana Misitu alisema kwamba visiki hivyo vilikuwa kwa manufaa ya msitu. Akaagiza mawe ya mpaka yapakwe chokaa upya. Akaagiza na kiti kingine, ambacho kilichongwa mwezi huohuo kwa mninga wa Mtitini, naye hakukitoa nje tena.

Jioni ya siku ile Saburi alipoleta taarifa, Bibi Sikuzani hakula. Yosefina alimsihi.

"Mama, walau uji."

"Kiti kimefika kwa baba yenu kabla yangu," alisema Bibi Sikuzani. "Kiti cha mtu asiyemjua."

Alikuwa amedhoofika tangu masika. Hakuomba dawa wala nguo. Tangu siku ya mawe aliomba jambo moja, kuzikwa pembeni ya Maneno, na Lukasi alikuwa amekwenda ofisini kuliomba akarudi na jibu lilelile. Sasa akamwambia mwanawe atengeneze sanduku kama la kwenye gazeti, la kumtosha yeye, ila asilitie mlango wa siri.

Lukasi alitengeneza. Kazi haikuwa ngumu, lakini aliifanya polepole, kwa kuwa palikuwa na jambo lililomsumbua. Mama yake hakuzaliwa Mtitini. Alizaliwa Mlandizi, kwa Waislamu wakulima, akaolewa. Kofia ya Mfaume ilirudi dukani. Leso haikwenda Bombay, ilisimama kwa aliyeipinda. Yai halikwenda kwa jogoo. Mwanamke aliyeolewa, je, ametoka wapi? Alimpelekea Bwana Zahoro swali hilo, na Bwana Zahoro akaja mwenyewe, kwa kuwa katika miaka yote ya kuhariri gazeti hapana msomaji aliyepata kumuuliza jambo alilotamani kulijua kiasi hicho.

"Sijui," alikiri. "Na kuna lingine, mzee. Mchezo usio na sehemu ya kurudisha siwezi kuuchapa. Wasomaji watanirudishia gazeti."

"Mwambie mgeni," alisema Bibi Sikuzani kutoka mkekani, "kwamba kurudi ndiko huko."

Ilikuwa adhuhuri, jua la kawaida. Bibi Sikuzani alioga, akajifunga kaniki mpya, akaingia sandukuni mwenyewe, akaketi. Lukasi hakufunga kifuniko, kwa kuwa hakuona sababu ya kumfunikia mama yake mwanga. Aliweka mkono wa kushoto nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetoka wapi?"

Bibi Sikuzani alijibu kwa utaratibu wake. Alianza Mlandizi, akataja baba yake na mama yake, na mto walikoteka maji. Akataja mkeka aliokuja nao kichwani kwenda kuolewa, na watu waliompokea, na Pazi aliyekuwa kikongwe wakati huo, aliyemwonyesha kisima kabla ya kumwonyesha nyumba. Akataja watoto aliowazaa na aliowazika. Akamtaja Maneno, na ahadi alizompa, na kwamba zote alizitimiza isipokuwa ile ya kutotangulia. Alikohoa, akapumzika, akaendelea. Wali wa Yosefina uliungua jikoni na hapana aliyeinuka. Lukasi hakumharakisha hata kwa jicho. Bibi Sikuzani alipofika kwenye siku ya mawe ya mpaka alinyamaza, kwa kuwa hapo ndipo jibu lilipokomea, na sanduku likawa na kaniki iliyokunjwa vizuri tu, ambayo ilikuwa imenunuliwa Kisarawe na haikuwa na safari ya kwenda.

Walikaa bila kujua amekwenda Mlandizi au Mtitini. Bwana Zahoro alikataa kupanda basi kabla ya kujua. Siku ya pili Saburi alitokea.

"Mtani, mama yako yuko msituni kwangu, Mtitini. Anasema nimpelekee chumvi. Anasema na kiti cha Bwana kiko juu mno, miguu yake inaning'inia kama ya mtoto, Lukasi uje uikate."

"Siruhusiwi kupita mawe," alisema Lukasi.

"Nimemwambia. Kasema basi unipe msumeno niikate mimi, ila ataiona mikato ya Kinyamwezi na hatasema kitu, ni mtu wa heshima."

Lukasi aliinuka, akampa msumeno ulio mkali kuliko yote.

Saburi alikuwa mtu wa kazi yake, na sheria aliijua. Alimshika Bibi Sikuzani mkono, akamtoa hadi kwenye jiwe la mpaka. Alipogeuka, bibi alikuwa amekwisha kurudi kisimani akiosha kibuyu. Alijaribu tena siku nyingine, kwa njia nyingine, ikawa vilevile. Akatoa taarifa ofisini. Bwana Misitu alimjibu kwamba ndani ya msitu hakai mtu yeyote, kwa kuwa watu walihamishwa, na kwa hiyo taarifa hiyo haina mahali pa kuwekwa. Saburi akaacha kumtoa. Akawa anampelekea chumvi.

Bibi Sikuzani alifariki masika yaliyofuata. Kwa desturi ya utani, mtani ndiye anayechimba kaburi na kusimamia maziko, na safari hii mtani alikuwa ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kuwako. Saburi alichimba pembeni ya Maneno. Lukasi, Yosefina, Mfaume na watu wa Mtitini walisimama nje ya mawe yaliyopakwa chokaa, mahali ambapo sepetu ilisikika ila kaburi halikuonekana. Saburi alikuja mpakani kupokea sanda, jasho likimtiririka.

"Leo mimi ndiye mwenye mji, Wazaramo ni wageni," aliwaambia. "Kaeni hapohapo. Wala msilie kwa sauti, mtaiamsha miti ya serikali, imelala."

Walicheka, kama inavyopasa, na waliokuwa wakilia walicheka huku wakilia. Kisha akaenda kumalizia kazi.

Bwana Zahoro alichapa mchoro wa sanduku bila sehemu ya kurudisha. Toleo hilo lilikwisha siku lilipotoka. Wasomaji walikuwa wametaka jambo hilo muda wote, bila yeye kujua ni lipi la kuwauliza. Masanduku yalitengenezwa Kisarawe na Mlandizi, na mengine yaliwekwa Kwa Mathias kando ya barabara ya Morogoro, mbele ya maduka. Hayakupeleka mtu popote. Waliouliza swali waliliuliza huku wakicheka, au wakitafuta kiberiti, au mkono wa kushoto ukiwa mbele. Na aliyeulizwa alipomtaja babu wa kwanza, muulizaji alikuwa tayari anapiga makofi. Wanunuzi wakaanza kupungua tena.

Bibi Sikuzani hakai tena Mtitini, ila amelala huko. Mawe hupakwa chokaa kila mwaka. Visiki vimeongezeka, navyo bado ni kwa manufaa ya msitu.

Lukasi sasa ni mzee. Sanduku lake liko barazani, amelirefusha kidogo limtoshe yeye, naye hulifuta vumbi kila asubuhi kabla ya chai. Kujiuliza mwenyewe amejaribu, haiwezekani. Mtu huulizwa na mwingine. Vijana huja, maana habari ya sanduku wameisikia. Humsalimu vizuri, wakamwuliza, "Babu, umetoka wapi?" Naye huketi sandukuni, huanza na kisima, hukitaja na aliyekichimba, na kabla hajamfikia Jumbe kijana amekwisha kuitazama saa yake, kwa kuwa basi la Dar es Salaam linapiga honi pale chini.

Basi wewe kijana unayesoma haya, sikia. Mabasi yapo mengi. Kisarawe, nyumba ya pili baada ya soko, yuko mzee amekaa ndani ya sanduku lisilo na kifuniko, na jibu lake ni refu. Nenda. Weka mkono wa kushoto nyuma. Muulize, kisha funga mdomo wako umngoje amalize.